Kuhesabiwa ni Haki: Hali ya Maisha Handeni na Korogwe
(Mada kwa viongozi wa jumuiya ndogondogo)



Tumekutana kutafakari hali ya maisha ya watu wetu wa Handeni na Korogwe. Tungeweza kuanza na malalamiko, maana hayo hatujapungukiwa. Lakini tumeona ni vema tuanze na hesabu. Asiyehesabiwa hatengewi fungu, na kijiji kisichojua idadi ya watu wake huishia kuomba huruma pale kinapostahili kudai haki.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 276,646 katika Wilaya ya Handeni na 79,056 katika Mji wa Handeni. Korogwe vijijini walikuwa 242,038 na mjini 68,308. Kwa jumla ni watu wapatao 666,000, karibu theluthi moja ya Mkoa wa Tanga, ambao wakati huo ulikuwa na watu 2,045,205. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta mkoa wetu una watu 2,615,597. Katika miaka kumi waliongezeka zaidi ya 570,000. Kila mmoja wao anahitaji maji, darasa na mahali pa kulima. Ardhi yenyewe haikuongezeka.

Hata hivyo, takwimu za wilaya huficha mengi. Korogwe hiyohiyo ina Bungu na Vugiri, kwenye miteremko ya Usambara yenye mvua. Ina Mombo penye kilimo cha umwagiliaji. Tena ina mashamba ya mkonge. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893, na mwaka 1964 taifa lilizalisha tani zipatazo 230,000. Baadaye nyuzi za viwandani zikaushusha thamani, uzalishaji ukaporomoka. Vitabu vimetutunzia hesabu ya tani. Havikutunza habari za manamba aliyetoka mbali, akazeeka kambini bila kumiliki hata robo eka. Wastani humpa mwenye njaa nusu ya shibe ya jirani yake, lakini humpa kwenye karatasi tu.

Tutazame suala la maji, ambalo kwa Handeni, nchi ya mvua haba, ni suala la uhai. Katika miaka ya 1970 ulijengwa mradi mkubwa wa kuvuta maji ya Mto Pangani kutoka Korogwe kuyapeleka Handeni. Miaka ikapita, watu wakaongezeka, mitambo ikachakaa. Ndiyo maana Handeni na Korogwe zikaingizwa katika mradi wa maji wa miji 28. Lakini tusipime maji kwa urefu wa bomba. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo kwa vijijini: lita 25 kwa kila mtu kwa siku, katika umbali usiozidi mita 400, na kituo kimoja kwa watu 250. Basi, kijiji chenye watu 2,000 kilistahili vituo vinane. Vikijengwa sita na vitatu kati yake vikawa vikavu, taarifa itasema sita, na mama mwenye ndoo kichwani atasema vitatu. Hesabu ya haki ni ya huyo mama.

Jambo la ardhi nalo ni vivyo hivyo. Tangu mwaka 2022 kijiji cha Msomera, Handeni, kimepokea familia zilizohamishwa kutoka Ngorongoro. Mgeni asipohesabiwa ataishi kwa mashaka. Mwenyeji asipohesabiwa atajiona amenyang'anywa. Amani kati ya mkulima na mfugaji haidumu pasipo kila mmoja kujua mipaka yake, malisho yake na maji yake.

Tufanyeje, basi? Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imetupa mkutano mkuu wa kijiji, ambamo kila mkazi mtu mzima ana sauti. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka halmashauri ya kijiji isigawe ardhi bila idhini ya mkutano huo. Tuhudhurie. Tuulize kwa adabu, tukiwa na daftari mkononi. Mtendaji wa kijiji naye atafarijika kupata takwimu za kweli za kupeleka wilayani.

Mchungaji mwema hutambua kwamba amepotewa na kondoo mmoja kwa sababu amewahesabu wote. Nasi tusiridhike na wale tisini na tisa.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya:
1. Kijijini kwetu kuna kaya ngapi, na zipi huongozwa na wajane, wazee au yatima?
2. Vituo vingapi vya maji vinatoa maji leo, na mama hutumia saa ngapi kwenda na kurudi?
3. Ni nani kati yetu hana ardhi, na nani atalisema jambo lake katika mkutano ujao?