Binti Ahesabiwe kwa Jina Lake
Hotuba kwa waumini na wapenda mageuzi, Lodwar



Mmeniomba niseme juu ya malezi ya binti na nafasi ya mwanamke katika jamii. Nitaanza na swali ambalo kila binti wa Turkana hulisikia kabla hajajua kusoma: wewe ni wa nani? Kwanza hujibu kwa jina la baba. Akiisha kuolewa, na mifugo ya mahari kutolewa, hujibu kwa jina la mume. Miaka hiyo yote ndiye achimbaye maji katika mchanga wa Turkwel na Tarach, ndiye ajengaye nyumba. Kazi ni yake. Jina ni la mwingine.

Sisemi hayo kuwadharau wazee. Kuwa na kwenu ni baraka. Lakini tuangalie yaliyotokea jirani.

Mwaka 1992 twaukumbuka kwa uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 29, uliowezekana baada ya kifungu cha 2A kufutwa mwaka uliotangulia. Mwaka huo huo kambi ya Kakuma ilifunguliwa, ikawapokea watoto waliokimbia vita vya Sudan. Wavulana walikaa kwa makundi, wakaandikwa kuwa watoto wasio na wazazi. Wasichana waligawiwa kwa familia, kwani desturi haikukubali binti akae bila mlezi. Nia ilikuwa njema, lakini jina la binti likamezwa na nyumba iliyompokea. Wako waliofanywa watumishi. Wako waliozwa ili familia hizo zipate mahari. Marekani ilipowachukua vijana wapatao 4,000 kuanzia mwaka 2000, wasichana hawakufika hata mia moja. Wengine wengi walikuwa hai, pale pale Kakuma, wakichota maji na kulea watoto wa watu. Hawakuhesabiwa kuwa yatima, maana kila mmoja alikwisha kuitwa wa fulani.

Ndugu zangu, msidhani hayo ni ya wageni peke yao. Chini ya Katiba ya uhuru, mtoto aliyezaliwa nje ya Kenya aliupata uraia kwa baba, si kwa mama. Sisi tunaopakana na Uganda, Ethiopia na Sudan Kusini, ambao mifugo yetu haijui mpaka, twajua uzito wa neno hilo. Katiba ya 2010, kifungu cha 14, iliiondoa dhuluma hiyo: mama naye humpa mtoto uraia. Sheria ya Ndoa ya 2014 ikakataza ndoa ya aliye chini ya miaka 18.

Hata hivyo sheria pekee haitoshi. Katiba hiyo hiyo yaagiza kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wajumbe katika vyombo vya kuchaguliwa. Bunge lilishindwa kuitungia sheria, hata Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais, Septemba 2020, alivunje. Halikuvunjwa. Ikiwa Bunge laweza kuipuuza Katiba mchana, mzee wa boma ataiogopa kwa nini?

Wasomaji wa Biblia wanawakumbuka binti watano wa Selofehadi, katika kitabu cha Hesabu. Baba yao alikufa bila mwana wa kiume. Walisimama mbele ya Musa na mkutano wote wakadai urithi, na Mungu akasema wananena haki. Hawakuikana nyumba ya baba yao. Walitaka wahesabiwe ndani yake.

Basi nawaachia kazi tatu. Kila mtoto wa kike aandikishwe azaliwapo. Akitimiza miaka 18 apate kitambulisho, nacho kikae mkononi mwake, si kwa mume. Na neno la mahari lisitajwe kabla ya yeye mwenyewe kuulizwa. Makanisa yaanze na madaftari yao wenyewe.

Siku moja binti wa Lodwar au wa Kakuma ataulizwa ni wa nani. Ataje jina lake kwanza, ndipo amtaje baba yake.