Mizani ya Damu

(Hotuba ya Katibu wa chama cha msingi mbele ya Mkutano Mkuu wa kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu)



Waliotangulia kusema wamezungumza juu ya kahawa, mahindi, mpunga na bei, nao wamesema vema. Mimi nimepewa heshima ya kusema juu ya kitu ambacho hatujapata kukipima katika maghala yetu kwa miaka yote kumi, nacho ni damu ya mkulima mwenyewe. Naomba mnivumilie kwa dakika chache.

Hakuna mwanachama hapa, awe ametoka Mbozi, Ileje, Momba, Songwe au mjini Tunduma, awezaye kukubali gunia lake linunuliwe kwa kukisia kwa macho. Tukifika ghalani twaitafuta mizani kwanza. Twatazama kama imeanza kwenye sifuri, twasoma wenyewe, kisha twaandika. Kule Usukuma, katika miaka ya 1950, wakulima wa pamba waliomfuata Bwana Paul Bomani walijiunga na ushirika kwa sababu walichoka kupunjwa kwenye mizani. Basi mizani ni asili ya ushirika wetu. Lakini juu ya miili yetu twakisia tu. Mtu akiweza kushika jembe asubuhi, husema, "Mimi mzima."

Mweka hazina wa chama chetu cha msingi alikuwa akisema hivyo. Miaka sita iliyopita, siku ya malipo ya kahawa, alianguka mezani mbele ya macho yangu, kalamu ikiwa mkononi. Umri wake ulikuwa miaka 51. Mkono na mguu wa kuume ulikufa ganzi, na ulimi ukafungwa. Hospitalini walimpima shinikizo la damu, lile tuliitalo presha, wakaona 210 juu ya 120. Mkewe alipoulizwa amepimwa lini kabla ya hapo, alijibu kwamba hajapata kupimwa hata mara moja. Aliishi mwaka mmoja na nusu baada ya siku ile. Watu wa nyumba yake waliuza ng'ombe, kisha sehemu ya shamba la mibuni. Nasi wanachama tulipata hasara yetu, maana hesabu za wadaiwa alizokuwa akizijua yeye zilichukua miezi miwili kunyooshwa, na malipo yakachelewa.

Ndugu zangu, yule mzee hakuwa mzembe. Maradhi haya hayana maumivu. Moyo husukuma damu kama pampu isukumavyo maji kwenye bomba. Tarakimu ya juu ni nguvu ya damu moyo unapojikaza, na ya chini ni nguvu iliyobaki moyo unapolegea. Bomba likisukumwa kupita kiasi miaka mingi, huchakaa bila kelele, mpaka siku linapopasuka au kuziba. Kwa mwanadamu hapo ndipo hutokea kiharusi, moyo kushindwa kazi, figo kuharibika na macho kupofuka.

Wako wanaosema kwamba haya ni maradhi ya watu wa mjini, wakaao ofisini. La, sivyo. Mnamo mwaka 2000 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliolinganisha watu wa Ilala, Dar es Salaam, na wa kijiji cha Shari, Kilimanjaro. Hao wa Kilimanjaro ni wakulima wa kahawa na migomba kama sisi. Katika sehemu zote mbili, karibu watu wazima 3 katika kila 10 walikuwa na shinikizo la juu. Katika hao wenye maradhi, hawakufika 20 kwa kila 100 waliokuwa wakijijua, na waliokuwa wametibiwa hata damu ikashuka inavyopasa hawakufika hata 1 kwa kila 100. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 nao ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na shinikizo la juu. Hesabuni safu moja ya viti mlivyokalia, mtaelewa maana yake.

Wala cheo si kinga. Mwezi Machi mwaka 1944 tabibu wa moyo, Howard Bruenn, alimpima Rais Franklin Roosevelt wa Marekani akaona 186 juu ya 108. Tarehe 12 Aprili 1945 Rais huyo alifariki kwa kuvuja damu katika ubongo. Alikuwa na matabibu kila aendako, lakini dawa za kufaa zilikuwa hazijapatikana. Sisi leo dawa zipo. Je, si aibu tufe kwa kukosa kipimo tu?

Huenda mtu akauliza, "Zahanati ipo, kwa nini tujipime nyumbani?" Zahanati ni ya lazima, wala nyumba haichukui mahali pake. Lakini kipimo cha mara moja chaweza kudanganya. Mmoja hupanda kilima kwa haraka, akifika huingiwa na hofu mbele ya daktari, na damu yake hupanda kwa muda. Mwingine hupimwa akaonekana mzima, kumbe nyumbani kila asubuhi damu iko juu. Vipimo vya siku nyingi, mtu akiwa ametulia kwake, humpa tabibu habari ya kweli zaidi.

Kupima nako kuna taratibu zake, kama mizani ilivyo na zake. Chombo kifaacho ni kile cha kufunga kwenye mkono juu ya kiwiko, si cha kwenye kifundo, na kitambaa chake kilingane na unene wa mkono. Nusu saa kabla ya kupima, usivute tumbaku, usifanye kazi nzito, na usinywe kahawa. Ndiyo, hata sisi tunaoilima! Nenda haja ndogo kwanza. Kaa kitini dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo ziko chini, miguu haikupishana. Mkono uwe wazi, umelazwa juu ya meza usawa wa moyo. Usizungumze. Pima mara mbili, ukipumzika dakika moja katikati, asubuhi na jioni, kwa siku 7, na kila tarakimu iandikwe pamoja na tarehe na saa. Kisha acha vipimo vya siku ya kwanza, utafute wastani wa vilivyobaki. Wastani ukifika 135 kwa juu, au 85 kwa chini, chukua daftari lako uende kwa tabibu.

Ukiona 180 juu ya 120 au zaidi, pumzika dakika 5 upime tena. Ikibaki hivyo, mwone tabibu siku hiyohiyo. Lakini ikiwa pamoja na hayo kifua chauma, pumzi yakatika, upande mmoja wa mwili walegea, au maneno hayatoki, usingoje kupima mara ya pili. Nenda hospitali mara moja. Mama mjamzito naye asitegemee hesabu hizi, bali afuate shauri la kliniki.

Tena chombo hakitibu, kama mizani isivyoongeza uzito wa gunia. Tiba ni kupunguza chumvi, isizidi gramu 5 kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko cha chai, na dagaa wa chumvi wahesabiwe humo. Ni kupunguza pombe, kuacha tumbaku, na kumeza dawa kila siku kama tabibu alivyoagiza. Tarakimu zikishuka, ni dawa inayofanya kazi. Asiiache mtu kwa kudhani amepona.

Nami nina la kuungama. Baada ya msiba wa mweka hazina nilijipima kwa juma zima, wastani wangu ukawa 152 juu ya 96, nami sijafika miaka 40. Nililificha daftari lile miezi mitatu kwa haya. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilipokumbuka hayo ndipo nikaenda. Sasa nameza dawa, na tarakimu zimeshuka.

Bwana Mwenyekiti, wako wajumbe wasemao kwamba ushirika ni wa mazao, si wa hospitali. Nawaheshimu. Lakini kanuni ya saba ya ushirika, iliyokubaliwa Manchester mwaka 1995, yatuagiza kuijali jamii. Na mazao hayajilimi. Kwa hiyo naomba mkutano huu ukubali kwamba sehemu ya ziada ya mwaka huu inunue chombo kimoja kwa kila chama cha msingi, kiazimwe nyumba kwa nyumba, siku 7 kila nyumba. Kitabu cha chama kiandike aliyekiazima tu. Tarakimu ni siri ya mwenyewe na tabibu wake, zisisomwe mkutanoni.

Kura mnayo ninyi. Mimi naomba tu kwamba mkipiga, mkumbuke kile kiti cha mweka hazina.