Kadi ya Mkopo: Mali Kauli Yenye Tarehe



Mfanyabiashara wa Magomeni ashukaye Kariakoo alfajiri anaijua vyema mali kauli. Huchukua mzigo kwa mwenye duka la jumla, huuza, kisha hurudi kulipa. Imani hiyo hudumu maadamu siku ya ahadi haivunjwi. Kadi ya mkopo ni mali kauli pia, ila aliyeamini ni benki, na siku ya ahadi imeandikwa.

Yafaa kwanza kutofautisha kadi mbili zinazofanana kwa sura. Kadi waliyo nayo wengi huchota fedha za mwenyewe zilizomo katika akaunti yake. Kadi ya mkopo huchota fedha za benki, hadi kikomo kilichowekwa. Kadi za Diners Club, zilizoanza New York mwaka 1950, zilimtaka mwenye kadi alipe deni lote kila mwezi. Mwaka 1958 Bank of America ilitoa California kadi iliyoruhusu kulipa kidogo kidogo kwa riba. Ndiyo iliyokuja kuitwa Visa mwaka 1976.

Kila mwezi benki huleta hesabu yenye mambo mawili: deni lote, na kiasi cha chini kinachokubalika. Alipaye deni lote kwa tarehe, kwa kawaida hatozwi riba ya manunuzi. Bali achotaye fedha taslimu kwa kadi hiyo, aghalabu riba huanza siku ile ile, pamoja na ada.

Na uchukuliwe mfano. Fundi wa Magomeni Mapipa ananunua cherehani ya shilingi 600,000 kwa kadi. Iwapo riba ni asilimia 3 kwa mwezi, naye analipa shilingi 30,000 kila mwezi, mwezi wa kwanza riba humeza 18,000 na deni hupungua kwa 12,000 tu. Atamaliza baada ya miezi 31, akiwa amelipa karibu shilingi 930,000. Riba peke yake imezidi nusu ya bei ya cherehani nyingine.

Hasara hiyo haiishii kwa fundi. Akija chamani kukopa ili alipe benki, akiba za wadhamini wake ndizo dhamana. Akishindwa, wataumia wenzake waliotia sahihi kwa moyo safi. Kwa hiyo Katibu na aulize madeni ya nje kabla fomu haijafika katika Kamati ya Mikopo, na mwombaji aseme kweli bila kuona haya.

Mwenye kadi naye ashike mambo matatu: asinunue asichoweza kulipia mwezi huo, asichote taslimu ila kwa dharura, na namba ya siri asimpe mtu yeyote.

Kariakoo, avunjaye kauli hapewi tena mzigo. Benki yaweza kumsubiri, lakini kila mwezi wa kusubiri una bei yake. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Kwa kadi hii, ni kulipa lote, tena kwa tarehe.