Mama Masika, mwalimu wa waliokimbia

Hotuba kwa familia zilizohama makwao na viongozi wao, Uvira

 

Leo tunamkumbuka mama wa jimbo letu la Kivu ya Kusini, Rebecca Masika Katsuva. Alizaliwa Katana mwaka 1966, akafariki tarehe 2 Februari 2016, kabla ya kutimiza miaka 50. Watu walimwita Mama Masika. Hakushika chaki, lakini aliyotufundisha tunayahitaji sana hapa Uvira.

Wakati wa vita vilivyoanza 1998, watu wenye silaha waliingia nyumbani kwake. Walimwua mume wake mbele ya macho yake, wakambaka yeye na binti zake wawili. Baadaye ukoo wa mume ukawafukuza, mama na watoto, wakabaki bila nyumba. Hapa wengi wenu mnaelewa bila mimi kueleza. Silaha hujeruhi mara moja, jamaa akikukataa jeraha halifungi.

Mama Masika alifungua nyumba ya kusikiliza upande wa Minova, kando ya Ziwa Kivu. Mwanamke aliyebakwa alipofika, alipokelewa, akapewa mahali pa kulala, akasindikizwa hospitali. Watoto waliozaliwa kutokana na ubakaji, ambao wengine waliwaona kama laana, aliwalea pamoja na wake. Wazee wetu walisema, kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kisha akakodi shamba, wanawake wakalima pamoja. Wenye silaha walimshambulia tena, zaidi ya mara moja, kwa ajili ya kazi hiyo. Hakuifunga nyumba.

Novemba 2012, askari wa serikali waliokimbia kutoka Goma walifika Minova. Umoja wa Mataifa uliorodhesha wanawake 102 na wasichana 33 waliotendewa ukatili wa kingono. Wengi walikimbilia kwa Mama Masika. Kesi iliwafikisha askari 39 mbele ya mahakama ya kijeshi, na mwezi Mei 2014 wawili tu walihukumiwa kwa ubakaji. Mahakama ilipotoa kidogo namna hiyo, nyumba ya mama huyo ilibaki kimbilio.

Ndugu zangu, tujiulize sisi. Sisi tumeshahama mara nyingi. Aprili 2020 mto Mulongwe ulibomoa nyumba zetu. Mwaka 2025 Minova na Bukavu ziliangukia mikononi mwa M23, na Desemba vita vikaingia Uvira, wengi wakavuka kwenda Burundi. Katika kukimbia huko, wako mabinti na mama walioumizwa njiani, na wananyamaza kwa sababu wanatuogopa sisi.

Kwa hiyo nina maombi matatu.

La kwanza ni kwa waume na wakwe. Mke aliyebakwa hakuzini. Msimfukuze, wala msimwite mtoto wake kwa jina la adui. Mtoto huyo hakuchagua baba. Akikua akitukanwa kila siku, kesho yule atakayempa bunduki atakuwa wa kwanza kumwita mwanangu.

La pili ni kwa viongozi. Kesi ya ubakaji haimalizwi kwa mbuzi wala kwa faini chini ya mwembe. Sheria za tarehe 20 Julai 2006 zimeiweka mikononi mwa mahakama, na malipo hayaifuti. Kiongozi anayepatanisha familia mbili huku binti analia nyuma ya nyumba hajaleta amani. Ameificha vita ndani ya nyumba moja.

La tatu ni kwa mama na wasichana. Ukiumizwa, nenda kituo cha afya upesi, kabla ya saa 72 kupita, ili upate dawa za kuzuia virusi vya ukimwi. Kama muda umepita, nenda hata hivyo, bado kuna matibabu. Na wewe jirani usiulize alivaa nini au alipita wapi. Msindikize.

Mtasema, sisi hatuna kitu, tunalala chini ya hema. Mama Masika naye alianza akiwa mjane aliyefukuzwa. Alichokuwa nacho ni mkeka, sikio la kusikiliza na jembe. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki tunayo sote. Kila avenyu na kila kambi ichague mama wawili wanaoaminika, ambao mlango wao unajulikana hata usiku. Viongozi wawalinde, wasidhihakiwe. Tuanze juma hili.

Mungu aipumzishe roho ya Mama Masika, naye awarudishe nyumbani kwa amani.