Tufungue Boksi Kabla ya Kununua Spika Mpya
(Maneno kwa kamati za parokia, Mabogini, Moshi)



Katika mikutano yetu, mama aliyekaa nyuma huondoka bila kusikia tarehe ya kliniki. Nasi husema, spika ni mbovu, tuombe fedha. Tunashauri tufungue boksi kwanza.

Mara nyingi kasoro ya spika za bei nafuu imo kwenye boksi. Ubao wake ni mwembamba, hutetemeka pamoja na besi, na maneno humezwa na mvumo. Tuzime umeme, kisha:

Kwanza, tuzibe nyufa kwa gundi ya mbao.

Pili, tukaze kipande cha mbao ndani, kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, kuzuia mtetemo.

Tatu, tuweke sufi kidogo, isiguse koni wala kuziba tundu la hewa.

Nne, tukirudisha waya, chanya iende kwenye chanya. Zikipishana kati ya spika mbili, besi hupotea.

Tano, boksi liinuliwe usawa wa masikio. Huku kwenye mashamba ya mpunga, sakafu yenye unyevu huvimbisha ubao wa unga wa mbao.

Spika ndogo haitageuka kubwa. Uwanjani, umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu ya sauti hushuka hadi robo. Lakini maneno yatasikika wazi zaidi.

Kazi hii seremala wa kijiji anaiweza. Fedha itakayobaki, kamati iipangie hitaji lingine.