Kuchagua Mbegu ya Viazi Ulaya

Somo letu la leo ni juu ya mbegu ya viazi ulaya, ambavyo siku hizi wengi huviita viazi mviringo.

Kwanza nikuulize. Ukivuna viazi, wafanyaje? Vikubwa unauza. Vya kadiri unapika. Vile vidogo, visivyo na mnunuzi, unaviweka viwe mbegu. Sivyo? Hata mimi nilifanya hivyo katika bustani yangu huko Mbeya, na diploma yangu ya chuo kikuu ikinitazama ukutani. Msimu wa kwanza nilipata madebe tisa. Msimu wa tatu nilipata mawili. Nililaumu mvua.

Kumbe mvua haikuwa na kosa. Kiazi unachopanda si kama punje ya hindi. Ni kipande cha mama yake. Mama akiwa mgonjwa, mtoto huzaliwa na ugonjwa ule ule. Na shina lenye ugonjwa mara nyingi huzaa viazi vidogo. Basi anayeweka vidogo kila msimu huenda anachagua wagonjwa bila kujua.

Kwa hiyo usingoje rundo la mavuno. Chagua shambani, mimea ikiwa bado kijani. Inapoanza kutoa maua, pita katika matuta yako na vijiti mkononi. Chomeka kijiti kimoja karibu na kila shina lenye nguvu na majani mazuri ya kijani. Shina lenye majani yaliyojikunja, au yenye mabaka ya manjano, liache. Baada ya majuma mawili pita tena. Shina likiwa limeugua, ng'oa kijiti chake. Siku ya kuvuna, chimba kwanza yale yenye vijiti, moja moja. Lililozaa vichache, au vyenye kasoro, hivyo ni vya kupika. Viazi vya mashina mengine ndivyo mbegu yako.

Uko ugonjwa mmoja wa kuogopwa sana, nao ni mnyauko. Shina hulegea kama lililokosa maji, hali majani bado ni kijani na udongo una unyevu. Ukilishuku, kata kipande cha shina hilo karibu na udongo, ukining'inize katika bilauri ya maji safi. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikiteremka, ni mnyauko. Hauna dawa. Ng'oa shina pamoja na viazi vyake vyote, ukavitupe mbali na shamba. Wala usichukue mbegu katika shamba hilo, hata kama mashina mengine yanapendeza, kwa sababu ugonjwa huu hujificha ndani ya kiazi kinachoonekana kizima. Hilo ni gumu kwa mtu aliyetoka jasho, najua. Tafuta mbegu safi penginepo. Na pale penye mnyauko panda mahindi kwa misimu kadhaa, usipande viazi, nyanya, biringanya wala pilipili.

Kiazi cha mbegu kiwe kiasi cha yai la kuku. Usikikate, maana kisu hutoa ugonjwa katika kiazi kimoja na kuutia katika kingine.

Mbegu usiifungie gizani ndani ya gunia. Itaota machipukizi marefu, meupe, yanayovunjika upesi. Itandaze juu ya uchaga, penye hewa na mwanga kidogo, jua lisiipige. Ngozi itageuka kijani. Kwa mbegu si kasoro, lakini usiile wala usimpe mtoto, kwa kuwa viazi vya kijani vina sumu. Panda machipukizi yakiwa mafupi na manene, na kila kiazi kina kadhaa.

Kazi ya darasa: kila mmoja achonge vijiti 20. Siku ya kuvuna, hesabu viazi vya kila shina lenye kijiti, uandike idadi katika daftari. Kisha hesabu vya mashina 20 yasiyo na vijiti. Leteni daftari zenu tuzisome pamoja.