Nani anajibu mashine yako? Maneno kwa vijana juu ya DNS



Leo hatuongei juu ya maji wala barabara. Tunaongea juu ya namba chache zilizo ndani ya ordinatere yako, namba ambazo si wewe uliziandika. Mwingine aliziweka, na kila siku zinaamua nani anajibu mashine yako inapouliza njia.

Iko hivi. Mashine kwenye intaneti zinatafutana kwa namba, hapana kwa majina. Ukiandika jina la gazeti, mashine yako inauliza kwanza: "Hili jina linakaa kwa namba gani?" Anayejibu njo tunaita seva ya DNS. Mmarekani Paul Mockapetris alibuni mfumo huu mwaka 1983, na mpaka leo dunia nzima inautumia. Hata nchi yetu iko ndani: tuko na .cd tangu 1997, na .zr ya wakati wa Zaire ilifutwa 2001.

Kama hujagusa kitu, mashine inauliza seva iliyopewa na modemu au wifi. Mara nyingi ni seva ya kampuni inayokuuzia mega. Kampuni hiyo inaweza kuona kila jina unalouliza. Na ikipata amri kutoka juu, inaweza kujibu uongo: "Jina hilo halipo." Gazeti linatembea vizuri, lakini kwako ni kama limekufa.

Hiyo haiko hadithi ya kutunga. Machi 2014, serikali ya Uturuki iliamuru Twitter ifungwe. Siku ya kwanza kampuni za intaneti zilifanya vile vile: zilidanganya kwenye majibu ya DNS. Vijana wakaandika 8.8.8.8 kwenye kuta za Istanbul, ile seva ya Google, ili kila anayepita abadilishe. Wengi wakarudi kwenye mtandao. Lakini haikuishia pale. Serikali ilifunga namba za Twitter zenyewe, na mwisho wa mwezi Google ilisema kampuni za Uturuki zinajifanya kuwa seva yake na kujibu mahali pake. Ukiuliza swali wazi barabarani, anayeshika barabara anaweza kulijibu yeye.

Sasa tufanye kazi. Kwanza muandike kwenye karatasi vile mashine iko leo, ili muweze kurudi nyuma.

Kwa Windows 11 ya Kifaransa: mufungue "Paramètres", kisha "Réseau et Internet", muchague wifi au kamba munayotumia, mutafute mstari wa DNS, mubonyeze "Modifier", muchague "Manuel", muwashe IPv4. Hapo muandike namba mbili, ya pili ni ya akiba. Kwa Google ni 8.8.8.8 na 8.8.4.4. Kwa Cloudflare ni 1.1.1.1 na 1.0.0.1. Kwa Quad9, shirika lililo Uswisi ambalo linakataa majina ya mitego ya wezi, ni 9.9.9.9 na 149.112.112.112. Chini yake kuna nafasi ya DNS kupitia HTTPS: muiwashe. Hiyo inatia swali lako ndani ya bahasha iliyofungwa, na somo la Uturuki linatuonyesha juu ya nini ni lazima.

Kwa Ubuntu: mufungue mipangilio ya wifi, sehemu ya IPv4, muzime "Automatique" kwenye mstari wa DNS, muandike namba, muzitenganishe kwa koma. Kisha mukate wifi na kuiwasha tena. Mwenye Firefox anaweza kuwasha DNS ya bahasha ndani ya Firefox yenyewe, bila kugusa mashine yote.

Tahadhari: kwenye mashine ya kazini musibadilishe bila kuuliza, juu kuna majina ya ndani ambayo seva ya nje haiyajui. Na wifi ya hoteli ikikataa kufungua ukurasa wa kuingia, murudishe "Automatique" kwa muda.

Sasa neno gumu. Kwenye vikundi vyetu kuna ujumbe unaosema: "Weka 1.1.1.1, hawataweza kukukata." Huo ni uongo, na unaweza kumpeleka mwenzetu pabaya. Tunakumbuka Januari 2015. Tunakumbuka kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, karibu wiki tatu bila intaneti. Siku hizo DNS haisaidii kitu. Barabara yenyewe imekatwa, hata ukijua jina na namba ya kijiji hautafika.

Tena, kubadilisha DNS hakukufichi. Kampuni yako bado inaona unaenda kwa namba gani. Na maswali yako sasa anayapata mwingine: Google, Cloudflare au Quad9. Umemchagua wewe, hiyo ni faida, lakini usimchukue kama malaika. Mtu akipanga jambo nyeti akiamini amejificha kwa sababu ya namba nne, anajitoa mwenyewe mkononi.

Kwa hiyo tunaomba kila kikundi cha mtaa kifanye mambo mawili mwezi huu. Mukae pamoja, mwenye ordinatere na asiye nayo, kila mmoja abadilishe kwa mkono wake na arudishe kwa mkono wake. Na kila munapofundisha, museme yote mawili: kitu hiki kinasaidia pale jina limefungwa, hakisaidii pale mtandao umekatwa. Tunadai viongozi watuambie ukweli. Basi na sisi tusidanganyane.

Maswali?